Sambusa na Wenzake: Historia ya Vitafunio vya Bara Hindi kwa Ushahidi wa Majina Yao

1. Utangulizi

Mtu anunuaye sambusa katika vichochoro vya Mji wa Kale wa Mombasa, na mwenzake anunuaye samosa katika barabara ya River Road mjini Nairobi, wote wawili wala chakula kimoja. Wakiulizwa chakula hicho kimetoka wapi, aghalabu watajibu bila kusita kwamba kimetoka Uhindini. Jibu hilo si la uongo, lakini halitoshi. Kwanza, halielezi kwa nini neno moja limekuwa na sura mbili katika nchi moja. Pili, lachukulia kwamba chakula hicho kilizaliwa Bara Hindi, jambo ambalo historia, kama tutakavyoona, hailikubali.

Makala haya yanakusudia kuchunguza historia ya baadhi ya vitafunio viuzwavyo barabarani katika Bara Hindi, nayo yatatumia majina ya vitafunio hivyo kuwa ushahidi. Hoja yetu ni kwamba jina la chakula hutunza kumbukumbu ambayo mapishi yenyewe huisahau. Nyama yaweza kuondolewa na kiazi kikatiwa mahali pake, na mchuuzi wa leo asijue kwamba palikuwa na nyama. Lakini jina huendelea kubeba alama ya njia lililoipitia. Ikiwa ni hivyo, mtunga kamusi atosheke na kuandika "Kihindi" mbele ya kila neno la namna hii huwa amefuta safari nzima ya watu, bahari na masoko.

Yafaa tuanze na neno hilo "Kihindi". Katika Kiswahili twalitumia kwa maana mbili. Huitwa Kihindi ile lugha ya Hindi isemwayo kaskazini mwa India, na huitwa Kihindi pia kila lugha ya mtu yeyote mwenye asili ya Bara Hindi. Hali katiba ya India yaorodhesha lugha 22 katika Jedwali lake la Nane; miongoni mwake zimo zenye udugu na Hindi, kama Kigujarati na Kimarathi, na zimo za ukoo mwingine kabisa, kama Kitamili na Kitelugu. Kikachi, lugha ya wafanyabiashara wengi waliohamia Unguja katika karne ya 19, hakimo hata katika orodha hiyo. Kwa hiyo, neno "Kihindi" katika kamusi zetu latutajia upande wa bahari tu, halitutajii lugha.

2. Mgeni aliyegeuka mwenyeji

Tuitazame samosa. Umbo la kale la neno hili lapatikana katika Kiajemi, ambamo lilikuwa sanbosag na baadaye sanbosa. Kutoka huko liliingia katika Kiarabu kwa sura za sanbusaj na sanbusak. Katika karne ya 9 Ishaq al-Mawsili, mwanamuziki na mshairi mashuhuri wa Baghdad, alitunga shairi la kukisifu chakula hicho, nalo likahifadhiwa na mwanahistoria al-Mas'udi katika karne iliyofuata. Mwaka 1226 namna ya kukipika ilielezwa katika kitabu cha mapishi cha al-Baghdadi. Mpaka hapo bado hatujagusa ardhi ya India.

Kilichokipeleka chakula hiki India ni utawala. Usultani wa Delhi uliasisiwa mwaka 1206 na watawala wenye asili ya Kituruki ambao lugha yao ya baraza na ya maandishi ilikuwa Kiajemi. Wapishi walifuatana na wafalme, na majina ya vyakula yakafuatana na wapishi. Amir Khusrau, mshairi wa Delhi aliyefariki mwaka 1325, alikitaja miongoni mwa vyakula vya wakubwa wa zama zake. Naye Ibn Battuta, msafiri yule yule aliyezitembelea Mombasa na Kilwa mwaka 1331, alifika kwenye mto Sindh mwaka 1333 akapata kazi ya ukadhi Delhi chini ya Sultani Muhammad bin Tughluq. Katika karamu za huko alikula sambusak, akaieleza kuwa ni nyama iliyosagwa ikachanganywa na lozi, jozi, pista, vitunguu na viungo, kisha ikafungwa ndani ya mkate mwembamba na kukaangwa kwa samli.

Maelezo hayo yatuonyesha mambo mawili. La kwanza, kitu hiki kilikuwa chakula cha ikulu. Hakikuwa cha barabarani, wala hakikuwa cha maskini. La pili, hakikuwa na kiazi wala pilipili hoho. Mwishoni mwa karne ya 15, katika ufalme wa Malwa, Sultani Ghiyath Shah aliamuru kitungwe kitabu cha mapishi kiitwacho Ni'matnama, na humo zimo samosa za namna nyingi pamoja na picha za wapishi wakizitengeneza. Karne moja baadaye Abu'l-Fazl, waziri wa Mfalme Akbar, aliandika katika Ain-i-Akbari kuhusu chakula kiitwacho qutab, akaongeza kwamba watu wa Hind hukiita sanbusa. Hapa msomaji na atue kidogo. Neno la Kiajemi, katika kitabu kilichoandikwa kwa Kiajemi, laelezwa kuwa ndilo jina watumialo watu wa Hind! Katika muda wa karne nne hivi mgeni alikwisha kuwa mwenyeji, hata ndugu zake wa damu hawakumtambua tena.

Baadaye lugha za kaskazini mwa India ziliidondosha sauti ya b iliyofuata m, na sambosa ikawa samosa. Huko Bengal chakula hiki hakikuitwa kwa jina hilo. Kiliitwa singara, jina litokanalo na tunda la majini lenye pembe, kwa sababu ya umbo lake la pembe tatu. Hyderabad nako kuna ndugu yake wa mraba mwenye nyama ndani, aitwaye lukhmi, jina litokanalo na Kiarabu luqma, yaani tonge. Chakula kimoja, majina matatu, na kila jina lina mlango wake.

Hali ya jalebi ni hiyo hiyo. Andazi hili la kuzungushwa, likaangwalo na kuchovywa katika shira, huhesabiwa na wengi kuwa ndilo tamu la Kihindi kuliko yote. Lakini jina lake ni Kiarabu zulabiya, na Kiajemi zolbiya. Sauti ya z haikuwamo katika mfumo wa asili wa sauti za lugha za kaskazini mwa India, ndiyo sababu mara nyingi hugeuzwa j vinywani mwa watu. Kufikia mwaka 1450 jina la jalebi lilikwisha kutajwa katika kitabu cha mwandishi wa dini ya Kijaini, Jinasura, katika maelezo ya karamu ya mfanyabiashara tajiri. Hata fundi wa vitu vitamu katika India ya kaskazini huitwa halwai, jina lililotokana na halwa ya Kiarabu, ambayo sisi twaiita haluwa.

Isidhaniwe, hata hivyo, kwamba kila kitu kilitoka nje. Vada, yaani kitu cha kunde au dengu zilizosagwa na kukaangwa, jina lake latokana na Kisanskriti vataka, nalo limo katika Manasollasa, kitabu kilichotungwa na Mfalme Someshvara wa Tatu wa dola ya Chalukya mnamo mwaka 1130. Bhajiya nayo yatokana na mzizi wa Kisanskriti wenye maana ya kukaanga. Kwa hiyo kapu la mchuuzi mmoja lina vitu vya asili mbalimbali, na macho peke yake hayawezi kuvitenga. Majina ndiyo yanayovitenga.

3. Vilivyoletwa na Wareno

Mwaka 1498 Vasco da Gama alifika Calicut baada ya kupata rubani Malindi, na mwaka 1510 Wareno wakauteka mji wa Goa. Wareno hao walileta mazao ya Marekani ambayo Bara Hindi halikuwa likiyajua. Mawili kati yake ndiyo yaliyobadilisha vitafunio vyote tunavyovijadili: kiazi na pilipili kali.

Kiazi huitwa batata katika Kimarathi na Kigujarati, jina lililochukuliwa kutoka kwa Wareno ambao nao walilipata Marekani. Katika Hindi huitwa alu, jina la zamani la mizizi mingine ya kienyeji lililohamishiwa kwa mgeni. Twaona basi njia mbili za kumpokea mgeni: watu wa magharibi walimkaribisha na jina lake, watu wa kaskazini walimvisha jina la nyumbani. Kuenea kwa kiazi katika nchi nzima kulichukua muda mrefu, na hasa kulitokea katika karne za 18 na 19 chini ya Waingereza.

Pilipili ina kisa kinachotuhusu sisi wenyewe. Kabla ya Wareno, ukali katika chakula cha India ulitokana na pilipili manga, iitwayo kwa Kisanskriti marica, na pilipili ndefu, iitwayo pippali. Zao la Marekani lilipofika, neno mirch, litokanalo na marica, lilihamishiwa kwake. Sisi nasi tulifanya vivyo hivyo. Neno letu pilipili latokana na Kiarabu filfil na Kiajemi pilpil, na asili yake ni ile pippali ya Kisanskriti. Leo mtu wa Pwani akisema pilipili bila kuongeza neno huwa amekusudia zao la Marekani, na ile ya asili hana budi kuitofautisha kwa kuiita pilipili manga. Mrithi amechukua jina, na mwenye jina ameongezewa sifa ili atambulikane.

Jambo la tatu lililoletwa na Wareno ni mkate wa kuumuliwa kwa namna yao. Kwa Kireno mkate ni pão, na huko Goa na Bombay ukaitwa pav. Waokaji wa Goa, kwa kukosa hamira, waliuumua unga wao kwa tembo la mnazi. Wengi wao walihamia Bombay na kuendeleza ufundi huo huko, na pav ukawa mkate wa mji ule.

Hebu sasa tuitazame samosa iuzwayo leo katika miji ya kaskazini mwa India. Ndani yake mna viazi na pilipili kutoka Marekani pamoja na njegere, na jina lake ni la Kiajemi. Walaji wake waiita chakula cha kwao, wala hawakosei. Kitu huwa cha watu kwa kutumiwa na kugeuzwa nao, si kwa kuzaliwa kwao peke yake.

4. Bombay: chakula cha mwenye haraka

Tumekwisha kusema kwamba samosa ya Ibn Battuta ilikuwa chakula cha ikulu. Vitafunio viliposhuka barabarani, sababu kubwa katika Bombay ilikuwa kazi ya mshahara. Bombay ilikuwa mali ya Wareno, kisha ikatolewa kwa Waingereza kwa mkataba wa ndoa wa mwaka 1661. Mwaka 1854 Cowasji Davar aliasisi kampuni ya kwanza ya kusokota na kufuma pamba kwa mashine mjini humo. Viwanda vikaongezeka, na vijana kutoka vijiji vya Maharashtra wakamiminika. Wengi waliishi bila wake zao katika vyumba vya kupanga, wakifanya kazi kwa zamu za usiku na mchana. Mtu wa namna hiyo hana jiko wala muda. Ahitaji chakula cha bei ndogo, cha kushiba, kilacho kwa mkono mmoja akiwa amesimama.

Katika mazingira hayo ndimo pav bhaji, yaani mkate kwa mseto wa mboga, ulimopatia umaarufu wake. Humo pia ndimo ilimotokea vada pav: kitonge cha viazi kilichochovywa katika uji wa unga wa dengu na kukaangwa, kikatiwa ndani ya mkate pamoja na chatne ya kitunguu saumu. Mtu atajwaye zaidi kuwa ndiye aliyeianzisha ni Ashok Vaidya, aliyekuwa na kibanda karibu na stesheni ya Dadar mwaka 1966. Mwaka huo huo kiliasisiwa chama cha Shiv Sena, kilichodai haki za Wamarathi katika mji wao. Chama hicho kiliwahimiza vijana wa Kimarathi wafungue vibanda vya vada pav ili washindane na migahawa ya watu wa Udupi waliotoka kusini. Chakula kikawa bendera.

Tarehe 18 Januari 1982 wafanyakazi wa viwanda vya nguo wapatao 250,000 waligoma chini ya uongozi wa Datta Samant. Mgomo ule haukupata mwisho wa mapatano. Viwanda vingi vilifungwa na maelfu ya watu wakapoteza kazi. Baadhi ya waliokuwa wakila vada pav langoni mwa kiwanda wakageuka kuwa wauzaji wake. Riziki hiyo ilikuwa ya mashaka, kwani mchuuzi wa barabarani alifukuzwa na askari wa mji mara kwa mara, na ilikuwa mwaka 2014 ndipo bunge la India lilipopitisha sheria ya kulinda riziki za wachuuzi hao.

Mwanaisimu atazamapo jina vada pav huona jambo ambalo bendera haliwezi kulionyesha. Vada ni Kisanskriti. Pav ni Kireno. Kiazi kilichomo ndani, batata, jina lake lilivuka bahari mbili. Chakula kilichoinuliwa kuwa alama ya watu wa asili kimeundwa, neno kwa neno, na wageni waliokaa pamoja. Hatusemi haya kwa kuwadhihaki Wamarathi. Twasema kwamba madai ya asili safi, popote yatolewapo, hupata shahidi mgumu katika lugha yenyewe.

5. Chaat na chatne

Kundi jingine la vitafunio vya barabarani huitwa chaat, jina litokanalo na kitenzi cha Hindi chaatna, yaani kuramba. Ni mchanganyiko wa vitu vikavu na vya majimaji, vyenye ukali, uchachu na utamu kwa pamoja: viazi, dengu, mtindi, maji ya ukwaju, kotmiri na chumvi nyeusi. Mashuhuri katika kundi hili ni kile kipuri chembamba kilicho wazi ndani, kitobolewacho kwa kidole na kujazwa maji makali. Bombay huitwa panipuri, Delhi golgappa, na Kolkata puchka. Mtu akitaja jina tu hujulikana mji wake, kama vile kwetu mtu atajapo mbaazi au kunde hujulikana kwa matamshi yake ametoka wapi.

Kitenzi hicho hicho ndicho kilichozaa chatni, ambayo sisi twaiita chatne. Kwa hiyo muuzaji wa bajia wa Pwani aulizapo kama mnunuzi ataka chatne huwa anatumia, pasipo kujua, mzizi wa neno wenye maana ya kuramba.

6. Milango miwili ya Pwani

Sasa twaweza kurudi kwa wale walaji wetu wawili. Kiswahili cha Pwani chasema sambusa, kwa mb. Wasomali husema sambuus, na Waarabu wa Ghuba husema sambusa. Umbo hili limeihifadhi ile sauti ambayo Hindi iliidondosha. Ni vigumu basi kusema kwamba lilitoka kwenye samosa; neno lililokwisha kupoteza b haliwezi kuirudisha kwa bahati. Njia iliyo wazi zaidi ni ile ya Kiajemi na Kiarabu, iliyopita Ghuba na pwani ya Arabuni. Zelabia ya Pwani yathibitisha njia hiyo hiyo, kwani imehifadhi z ambayo Hindi iliigeuza j.

Samosa ya Nairobi iliingia kwa mlango mwingine. Kati ya mwaka 1896 na 1901 vibarua wapatao 32,000 waliletwa kutoka Bara Hindi kujenga reli ya Uganda, wengi wao kutoka Punjab. Wenye maduka, wengi wao wa Kigujarati na Kikachi, waliifuata reli hadi bara. Mji uliozaliwa na reli ulilipokea neno kutoka vinywani mwa watu hao, na Kiingereza kikaliimarisha. Chakula kimoja kikawa na majina mawili katika nchi moja, moja la jahazi na moja la gari moshi.

Mlango huu wa pili ndio ulioleta pia bajia, kachori na karai, ingawa mengine yalitangulia kufika Pwani kwa wafanyabiashara wa Kachi na Gujarat. Bhajiya ilipoteza mpumuo wa bh, kwani Kiswahili, hata Kimvita chenye mpumuo katika sauti zisizo ghuna, hakina konsonanti ghuna yenye mpumuo. Mapishi yalibadilika pia: mahali pa unga wa dengu Waswahili wengi walitumia kunde, zao la Afrika, wakapata bajia za kunde. Karahi, chombo cha chuma cha kukaangia, kikawa karai, na karai likatoa jina kwa viazi karai, chakula cha jioni cha Mombasa.

Kachori ndiyo yenye fundisho kubwa zaidi. Katika India kachori ni andazi la mviringo lenye dengu au choroko zenye viungo ndani. Mombasa na Unguja kachori ni kitonge cha viazi vilivyopondwa na kutiwa pilipili na ndimu, kikachovywa katika uji wa unga na kukaangwa. Yaani kachori yetu ni batata vada ya Wamarathi iliyovaa jina la andazi jingine. Anayetazama jina peke yake atasema tumechukua kachori. Anayetazama karai peke yake atasema tumechukua vada. Ukweli wataka vyote viwili. Hali kadhalika urojo wa Unguja: una bajia, viazi, chatne na mchuzi wa embe bichi au ndimu, na kanuni yake ya kuchanganya ukali na uchachu yafanana na ile ya chaat, lakini jina lake ni la Kiswahili kitupu.

7. Hitimisho

Tumeona kwamba vitafunio viitwavyo vya Kihindi vina asili katika Uajemi, Arabuni, Ureno, Marekani na Bara Hindi lenyewe, na kwamba majina yametusaidia kuzitenga asili hizo pale ambapo mapishi yamezichanganya. Tumeona pia mpaka wa ushahidi huo, kwani kachori yathibitisha kwamba jina laweza kuhama na kukiacha chakula chake nyuma.

Kwa sababu hiyo twapendekeza mambo mawili kwa watunga kamusi wetu. Mosi, alama ya "Kihindi" itumiwe kwa lugha ya Hindi tu, na mahali pengine itajwe lugha yenyewe: Kigujarati, Kikachi au Kimarathi. Pili, pale neno lilipopita lugha kadhaa, njia yake itajwe kwa utaratibu, na sambusa na samosa ziandikwe kama maneno mawili yenye babu mmoja. Kazi hiyo haiwezi kufanyika maktabani pekee. Wapo akina mama wa Pwani wanaozikata na kuzikunja manda za sambusa kila alasiri ya Ramadhani, na wapo wachuuzi wanaojua jina la kila kifaa na kila hatua ya kazi yao. Msamiati huo bado haujakusanywa wote, na wenye kuujua vizuri zaidi ni wazee.